Baba wa Siku Moja

Sura ya Tisa

Asubuhi ile walichoma miwa upande wa mtoni, na majivu yakaanza kudondoka kijiji kizima cha Ruhembe kabla chai haijachemka. Yalishuka taratibu, meusi na mepesi, yakatua juu ya kitambaa cheupe ambacho Costancia alikuwa ametoka kukitandika kwenye meza ya uani.

"Hawa watu hawana hata aibu!" Shangazi Bibiana alifoka huku akikikung'uta. "Wakwe wanakuja, wao wanatumwagia masizi. Wali wangu mweupe huu wageni watauita pilau."

"Tuihamishie meza ndani, shangazi."

"Ndani watakaaje, wamekunja miguu kama kuku wa kupelekwa sokoni? Yule mama amezoea sebule ambayo ukikohoa, sauti inakurudia."

Costancia alicheka. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwake Mikumi, kwenye nyumba ya wageni alikofanya kazi ya mapokezi, na meneja wake, Bwana Marko, alimpa ruhusa hiyo kwa tabasamu ambalo hakulielewa. Leo Mwalimu Angela, mama wa mchumba wake, alikuwa anakuja. Mshenga alikwishatangulia, posa ilikwishapokelewa, na sasa wazazi wa pande mbili walitakiwa kukaa pamoja na kupanga siku ya harusi yake na Elia.

Elia! Hata kulitaja jina hilo kimoyomoyo kulimpa joto. Walikutana Kilosa mjini, kwenye zahanati ambako Elia alikuwa tabibu. Costancia alimpeleka baba yake, Mzee Bonifas, aliyekuwa amechomwa mguu na kisiki cha muwa hadi kidonda kikaoza. Wahudumu wengine walisimama mbali kwa ajili ya harufu. Kijana yule alipiga magoti sakafuni, akaushika mguu wa mzee, uliopasukapasuka kama udongo wa kiangazi, akauosha polepole huku akimuuliza habari za shamba. Costancia alikuwa amesimama ukutani na ndala za baba yake mkononi. Moyo wake ulikwenda palepale, na tangu siku ile haukurudi.

Shida ilikuwa moja. Miwa ambayo Mzee Bonifas alikuwa akikata, tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa, ilikuwa miwa ya ukoo wa Elia.

Ukoo ule ulitoka Mamboya, milimani, kwa watu wa misheni. Babu yao alikuwa mwalimu, watoto wake wakawa walimu na makasisi, na mmoja wao akateremka bondeni kununua mashamba. Mwalimu Angela ndiye aliyeyarithi. Alikuwa mjane, mwalimu mkuu mstaafu, na watu walisema hata mbwa wa Mamboya wakimwona hunyamaza kwanza.

Costancia alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Baba, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Mwalimu Angela akifika leo, usimwamkie shikamoo."

Mzee Bonifas aliuteremsha wembe. "Sasa nimwambieje? Mambo vipi?"

"Mwambie karibu. Mwambie habari za safari. Wewe ni mkubwa kwake, baba. Leo anakuja kama mkwe, haji kukagua shamba."

"Najua mimi ni mkubwa kwake. Nilipofika hapa yeye alikuwa msichana wa shule, soksi nyeupe mpaka magotini." Alitabasamu, povu la sabuni bado shavuni. "Mnyapara alitupanga mstari, akatuambia, huyu ndiye bosi wenu wa kesho, mwamkieni. Tukamwamkia. Mdomo ukishazoea kitu, mama, si rahisi."

"Ni leo tu. Niahidi."

Mzee alifuta povu shavuni, akamtazama binti yake. Alikuwa amebaki naye peke yake tangu mama yake Costancia alipofariki, na hakuwa na desturi ya kumnyima kitu.

"Haya. Nakuahidi."

Gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba jua likiwa limeshapanda. Aliteremka kwanza Mzee Herman, kaka yake Mwalimu Angela, akiegemea fimbo yake. Kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na bila yeye hakuna ndoa. Kisha aliteremka Mwalimu Angela mwenyewe, kitenge kimemkaa vizuri, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Elia alishuka mwisho. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi likasimama. Costancia alimtafuta macho, lakini Elia alikuwa akiyatazama majivu yaliyotapakaa ardhini.

"Hodi hapa!" Mzee Herman aliita.

"Karibuni, karibuni sana!" Shangazi Bibiana aliitikia kwa sauti ya kuchangamka.

Mzee Bonifas alisogea mbele. Costancia aliuona mkono wake ukipanda na kuvua kofia. Akauona mgongo ukiinama, mikono yote miwili ikitangulia.

"Shikamoo, mama."

Lilimtoka kama kikohozi. Uso wake ulionyesha kwamba yeye mwenyewe amelisikia, na kwamba amechelewa.

Bado palikuwa na nafasi. Mwalimu Angela angeweza kucheka na kusema, hapana, mzee, leo ni zamu yangu. Angeweza hata kulipita tu, akaulizia kuku. Costancia alisubiri.

"Marahaba, Bonifas. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Kisha Elia alikuja akampa mzee mkono. "Shikamoo, baba," alisema kwa sauti ya chini. Mzee Bonifas, kabla hajamwitikia, alimtazama kwanza Mwalimu Angela, kama anayeomba ruhusa.

Waliingia ndani, ambako meza ilikuwa imehamishiwa kwa sababu ya majivu. Viti walikuwa wameazima kwa jirani yao, Mama Ziada, na vilitosha kila mtu. Hata hivyo Mzee Bonifas alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake karibu na mlango.

"Baba, kiti chako hiki hapa."

"Hapa pananitosha, mwanangu. Wageni wapate nafasi."

Shangazi Bibiana alimkata jicho kaka yake, kisha akapakua chakula. Mwalimu Angela alisifu kuku. Alisifu nyumba ilivyo safi. Alimsifu na Mzee Bonifas, na hapo sauti yake ilikuwa na upendo wa kweli, jambo ambalo lilimuumiza Costancia kuliko dharau.

"Nimeajiri wakata miwa wengi," alisema, "lakini mwaminifu kama Bonifas sijapata. Ukimwachia panga, anakurudishia panga. Mtoto aliyelelewa na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mwizi."

"Ahsante, mama," Mzee Bonifas alisema.

"Mwizi wa nini tena, mwalimu?" Shangazi Bibiana aliuliza. "Sisi tulidhani tunazungumzia harusi."

Mzee Herman alikohoa. "Tuingie kwenye jambo lenyewe. Sisi binti tumempenda. Tangu pale mwanzo mimi nilikuwa na wasiwasi, sitaficha. Lakini kijana amesisitiza, na binti amekubali kulifuata kanisa letu. Sasa dada, wewe eleza lile la siku yenyewe."

Mwalimu Angela alivaa miwani, kama anayefungua kipindi.

"Harusi itafungwa kwetu Mamboya. Watakuja watu kutoka Morogoro, Dodoma, na maaskofu wawili wametuahidi. Wageni wa namna hiyo huuliza maswali. Huyu binti ni wa nani? Baba yake ni nani? Sasa mimi sitaki Costancia aaibike siku yake."

"Nitaaibika kwa lipi, mama?" Costancia aliuliza taratibu.

"Subiri, binti yangu, nimalize. Nimezungumza na Bwana Marko, meneja wako wa Mikumi. Ni mtu mzima, mwenye familia, anajua kusimama mbele ya watu. Amekubali kukuingiza kanisani. Kwenye kadi tutaandika familia yake kwamba ndiyo inayokuoza. Ni kwa siku moja tu. Na Bonifas atakuja, tena nitamtumia gari. Nimeshamwandalia mahali pazuri, kwenye kivuli, pale wanapokaa madereva na wapishi. Chakula hapo hufika kwanza."

Kijiko cha Shangazi Bibiana kilikuwa kimesimama hewani. Costancia alimgeukia Elia, naye Elia alikuwa ameinamia sahani yake.

Hapo ndipo sauti ya Mzee Bonifas ilipotoka mlangoni, nyepesi, yenye haraka ya mtu anayewahi kuzima moto.

"Hilo halina neno, mama. Mimi hata suti sina. Bwana Marko ni mtu wa heshima. Hata hapo kwa madereva mmenifikiria mno."

"Kaka!" Shangazi Bibiana alishtuka.

"Nyamaza, Bibiana. Harusi ni ya mtoto." Alimtazama Costancia, macho yake yakimsihi. "Si unamtaka Elia, mama? Basi. Mimi nitakuona nikiwa hukohuko kivulini."

Kama angelalamika, Costancia angeweza kuvumilia. Alisimama.

"Naomba nizungumze na Elia nje."

Walikwenda mpaka pembeni ya shamba, mahali ambapo miwa mibichi ilisimama mirefu kuwapita kimo. Elia aliunyosha mkono amshike, yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Ulijua?"

Elia alichuma jani la muwa, akalikunja.

"Elia, nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikwenda na mama yako kwa Bwana Marko?"

"Mimi ndiye niliyeendesha gari." Uso wake ulikuwa umesawijika. "Costa, nisikilize. Mjomba alikuwa amekataa kabisa. Alisema mtoto wa mkata miwa wetu hawezi kukaa kwenye kiti cha bibi yangu. Mama akakesha naye, akambembeleza, mpaka akapata njia hii. Ndiyo njia pekee niliyopewa. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Kwa hiyo ulileta watu waje kumwambia baba yangu mwenyewe, mbele ya sahani ya wali wake."

Elia alifumba macho. "Ni siku moja tu, Costa. Baada ya hapo tutaishi Kilosa. Nyumba ni yetu, meza ni yetu. Baba yako atakuja wakati wowote atakao."

"Na mama yako akiwepo siku hiyo, baba yangu ataingia mlango upi? Atakaa kwenye kiti, au nitamtafutia ndoo?"

"Usiseme hivyo."

"Na watoto wetu, Elia? Wakiuliza kwenye picha za harusi babu yao yuko wapi, nitawaonyesha Marko?"

Elia alilia. Alilia kama mwanamume asiyezoea, mabega yakipanda na kushuka, na Costancia alitamani kumkumbatia mpaka mifupa yake ikauma. Alimpenda. Kila alichokuwa akikisema kilikuwa kinamkata yeye kwanza. Na jambo lililomtisha zaidi ni kwamba alitamani kukubali. Aliiona ile nyumba ya Kilosa, aliliona shati la bluu likining'inia kwenye kamba na gauni lake pembeni, alisikia Elia akimwita kutoka chumba kingine. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na vyote vingekuwa vyake.

"Unakumbuka siku uliyomwosha baba mguu?" alimwuliza. "Ulipiga magoti mbele ya watu wote wa zahanati. Leo sikuombi upige magoti. Nakuomba usimame tu. Ingia ndani umwambie mama yako kwamba baba yangu ndiye atakayeniingiza kanisani. Hata akivaa ndala. Ukilisema hilo, harusi ikiwa Mamboya, ikiwa porini, ikiwa bila kadi, mimi ni mkeo. Wakitufukuza, nitakufuata popote."

Elia alijifuta uso kwa kiganja. Alimtazama kama mtu anayetazama mto uliofurika akitafuta pa kuvukia.

"Nitasema," alinong'ona. "Ningoje hapa."

Akaondoka. Costancia hakuweza kungoja. Alimfuata kwa nyuma, akaegemea ukuta chini ya dirisha, ambalo halikuwa na kioo bali pazia tu, akatega sikio.

"Mama," sauti ya Elia ilisema.

"Ndiyo, baba. Mwenzako yuko wapi?"

Costancia alikunja ngumi. Sema, aliomba. Sema, mpenzi wangu, sema sasa.

"Yuko nje, anapunga upepo. Amekasirika kidogo tu, mama. Tumpe muda. Atakubali."

"Nilijua," Mwalimu Angela alisema. "Ni binti mwenye akili."

"Atakubali," Mzee Bonifas naye aliitikia kwa furaha. "Hanaga kiburi, huyo. Mama yake alikuwa vilevile, hasira zake hazilali."

Costancia aliondoka dirishani. Alikuwa na maneno tele ya kumwambia Mwalimu Angela, yote makali, na alijua angeweza kuyasema yote bila kukwama. Lakini kila neno, akilitamka, lingepita kwanza kifuani kwa baba yake. Mzee angejua kwamba mwanawe amekosa mume kwa sababu yake, kwa sababu ya panga lake na ndala zake. Angelibeba jambo hilo mpaka kaburini.

Akaingia ndani. Wote walimgeukia. Akapiga goti mbele ya wageni.

"Naomba mnisamehe," alisema. "Nimewasumbua bure. Mimi nimebadili mawazo. Sitaki kuolewa na Elia."

"Unasemaje?" Mzee Herman aliuliza.

"Nimejitafakari, mzee wangu. Niliona nampenda, kumbe simpendi. Kosa ni langu peke yangu. Baba yangu hajui lolote."

Elia alikuwa amesimama. Midomo yake ilifunguka. Alijua kila kitu. Neno moja kutoka kwake lingeivunja ile nyumba yote ya uongo na kumtoa Costancia kwenye aibu. Macho yao yalikutana, na katika macho yale Costancia aliona mapenzi yote aliyowahi kupewa, hayakupungua hata tone. Kisha Elia akakaa chini.

Mwalimu Angela alivua miwani polepole. "Nilimwambia kijana wangu," alisema, si kwa hasira, bali kwa uchovu. "Nilimwambia, akanishinda kwa machozi. Herman, twende."

Mzee Bonifas alitoka nao mpaka kwenye gari, kofia mkononi, akiomba radhi njia nzima. "Mtoto, mama... akili za kitoto... msilichukulie moyoni..." Gari likageuka. Upande wa Elia kioo kilikuwa kimeshushwa, lakini kichwa chake kilikuwa kimeinama, na vumbi likamfunika.

Shangazi Bibiana alimshika Costancia bega. "Mimi si mjinga," alimnong'oneza. "Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Nilikiona kivuli chako."

"Usimwambie, shangazi. Nakuomba kwa jina la mama."

Shangazi alimtazama, macho yakamjaa. Akachukua sufuria tupu na kutoka nayo uani, akapita mbele ya kaka yake bila kusema kitu.

Mzee Bonifas alisimama mlangoni. Costancia hakuwa amewahi kumwona na hasira ya namna ile.

"Umenivua nguo, Costancia. Watu wametoka Mamboya yote ile, wamekula kwangu, wamekukubali na umaskini wako. Unawaambia umebadili mawazo? Mawazo ni kanga?"

"Nisamehe, baba."

"Yule kijana ana kosa gani? Hebu niambie. Anakunywa?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana, baba."

"Sasa ana kosa gani?"

Costancia alitafuta kosa la kumpa baba yake.

"Hana kosa," alisema. "Ni mimi."

Mzee alitikisa kichwa. "Kesho nitakwenda kwa mama yule nikamwombe radhi. Msimu haujaisha, nitakutana naye shambani, nitamtazamaje? Nitamwambia nilikulea peke yangu, sikujua kulea."

"Usiende, baba. Aliyekosa ni mimi, nitakwenda mimi."

"Utampigia magoti?"

"Nitampigia."

"Angalau hapo umesema kama mtu aliyelelewa," mzee alisema, na sauti yake ikapungua ukali. Aliketi kwenye kiti sasa, kwa kuwa viti vyote vilikuwa wazi. Alionekana amezeeka ghafla.

Costancia alianza kukusanya vyombo. Kwenye sahani ya Mzee Herman aliikuta firigisi, haijaguswa, imesogezwa ukingoni. Katika nyumba ile firigisi haikuwahi kuliwa na mtu mwingine zaidi ya baba. Hata siku za njaa, kuku akichinjwa, mama alikuwa akimtengea. Leo mwenyewe ndiye aliyeamuru apewe mgeni.

Aliisuuza kwa maji ya moto, akaiweka kwenye sahani safi pamoja na wali kidogo, akapiga goti na kuishika sahani kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, baba."

"Sina njaa."

"Hii ni ya kwako. Kula."

"Kula wewe. Wewe ndiye hujala tangu asubuhi."

"Baba, hii si ya mtu mwingine. Nakuomba."

Mzee Bonifas alimtazama, hasira bado ipo, na mapenzi pia. Mwishowe akanawa, akaichukua, akatafuna taratibu huku akitazama ukutani. Costancia alibaki amepiga goti, ameishika ile sahani, mpaka alipohakikisha baba yake amemeza. Ndipo akainuka, akapita mlango wa nyuma, akaenda kulilia kwenye miwa.